Kijana Anataka Kuchezesha Katuni: Je, Tumnunulie Kompyuta?

Katika nyumba nyingi za Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta, mama wa siku hizi anasikia ombi ambalo mama yake hakuwahi kulisikia. Kijana amemaliza kidato cha nne, au binti yupo nyumbani na mtoto mchanga, naye anasema, "Mama, nataka kujifunza kutengeneza katuni." Anachotaka hasa ni kompyuta. Na kompyuta ni fedha nyingi, hali fedha zilizopo ni za kikoba, au ni zile zilizowekwa kwa ajili ya mabati ya chumba cha uani. Baba anauliza kama hiyo ni kazi au ni mchezo. Mama anabaki katikati.

Akina mama wenzetu, ombi la namna hii halifai kukataliwa kwa hasira, wala kukubaliwa kwa huruma tu. Tuijue kwanza kazi yenyewe.

Kazi hiyo ipo?

Wengi wetu tumeshaiona bila kufahamu kuwa hufanyika hapa hapa. Januari 2014 televisheni ya TBC1 ilianza kurusha Ubongo Kids, kipindi cha katuni kinachofundisha hesabu na sayansi. Shirika la Ubongo lililokitengeneza ni la Dar es Salaam. Baadaye likaleta Akili and Me kwa watoto wa umri wa chekechea, hadithi za Akili, mtoto wa kike wa miaka 4 anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Watafiti waliwapima watoto wa Morogoro, na matokeo yao yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba waliotazama Akili and Me walisonga mbele katika mambo kama kuhesabu na kutambua maumbo kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Vipindi hivyo sasa vinatazamwa katika nchi nyingine za Afrika, kwa lugha zao. Kwa hiyo baba asiyeamini kwamba mtu mzima anaweza kula kwa kuchora kiboko anayezungumza, akae na watoto nusu saa mbele ya televisheni.

Lakini tusidanganyane pia. Michoro ya Tingatinga ilizaliwa Dar es Salaam: Edward Saidi Tingatinga aliianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya mbao nyepesi, akiiuza karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, hadi alipofariki 1972. Mwaka 2010, BBC ya Uingereza ilipoanza kuwaonyesha watoto wake Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vyenye wanyama waliochorwa kwa mtindo huo huo wa Kinondoni, kazi ya kuwachezesha wanyama hao ilikuwa imefanyika Nairobi. Mtindo ulikuwa wetu, ajira ilikwenda kwa jirani. Na mwaka 2023 zilipotoka filamu fupi 10 za katuni za Kizazi Moto kutoka nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zilikuwamo, Tanzania haikuwamo, ingawa jina lenyewe ni Kiswahili safi. Hilo linatuuma kidogo.

Hivyo nafasi za kuajiriwa katika studio kubwa ni chache. Riziki ya kila siku ya mafundi wengi hutoka kwenye kazi ndogo ndogo: kadi ya mwaliko wa sendofu inayotumwa kwa simu, jina linaloruka na maua yanayofunguka, maneno ya wimbo yanayopita chini ya video ya kwaya, tangazo la sekunde 15 la duka la vitambaa, maelezo ya chanjo kwa ajili ya shirika la afya, jina la kipindi kwenye vituo vya televisheni, ambavyo vingi vipo Mikocheni, mwendo wa daladala kutoka nyumbani. Anayetaka kuanza na filamu ya saa nzima atakufa njaa. Anayeanza na kadi za harusi atakuwa na wateja kila Jumamosi, maana sisi Waswahili hatujaacha kuoana.

Ufundi wenyewe

Picha haitembei. Tunachokiona ni picha nyingi zilizosimama, zinazopita upesi hata jicho likadanganyika. Katika sinema hupita picha 24 kwa sekunde moja. Piga hesabu, mama: dakika moja ni picha 1,440. Mchoraji akitumia kila picha mara mbili, kama wafanyavyo wengi, bado atahitaji 720. Kompyuta humpunguzia mzigo, kwa kuwa fundi huweka mkao wa kwanza na wa mwisho, nayo ikajaza ya katikati. Ila kompyuta haina akili ya kujua uzito. Ukiiachia peke yake, itampeleka kiboko na unyoya kwa mwendo mmoja, na mtazamaji atahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Zoezi la kwanza la wanafunzi duniani kote ni mpira unaodunda, na hapo ndipo utamtambua mwenye kipaji na mwenye tamaa tu. Mpe kijana daftari, achore pembeni mwa kurasa mpira wa makaratasi wanaouchezea watoto mtaani, kisha apeperushe kurasa kwa kidole. Halafu achore mpira wa dukani uliojazwa upepo. Ule wa makaratasi hudunda mara moja, ukalala. Huu wa dukani hurudi juu, kila mara chini zaidi kidogo. Unapofika juu hukawia, kwa hiyo michoro ya pale husogeana; unapoanguka hukimbia, michoro ikaachana. Unapogusa ardhi hubonyea, unaporuka hurefuka. Kama mtazamaji anaweza kusema upi ni wa makaratasi bila kuambiwa, kijana ameanza kujua kazi. Zoezi hilo halihitaji umeme. Kijana anayechoka baada ya mipira miwili, kompyuta haitamponya.

Vifaa, na fedha za kikoba

Baada ya daftari, simu. Zipo programu za simu kama FlipaClip ambazo kwazo mtu huchora kwa kidole, picha baada ya picha. Miezi mitatu ya kazi hiyo inatosha kuonyesha nia, kabla hamjagusa kikoba.

Ikifika zamu ya kompyuta, msinunue kwa uzuri wa sura. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, RAM, isipungue gigabaiti 8, na 16 ni afadhali sana. Diski iwe ya kisasa ya SSD, maana ile ya zamani inayozunguka itamchelewesha kila kitu. Mpakato uliotumika, ulio imara, ni bora kuliko mpya dhaifu. Nendeni dukani pamoja na mtu anayefanya kazi hii, awashe, afungue programu nzito mbele ya muuzaji, aone kama inakwama. Muuzaji asiyekubali kujaribiwa, muageni.

Upande wa programu kuna habari njema. After Effects, inayotumiwa na studio nyingi, ni ya kukodi: hulipiwa kila mwezi au kila mwaka. Mitaani mtauziwa nakala ya kuiba kwa bei ya vocha, nayo mara nyingi huja na virusi. Hakuna haja. Blender ni ya bure kwa kila mtu, hata kwa kazi ya biashara. Mwaka 2002, kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipofunga, watumiaji wake duniani walichangishana euro 100,000 kwa wiki 7 ili iwe mali ya wote, karibu kama sisi tunavyochangia harusi. Machi 2025, Flow, filamu ya Latvia iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar ya katuni bora. Kwa kuchora, Krita na OpenToonz nazo ni za bure. Masomo yapo YouTube. Gharama ni bando, na Kiingereza kidogo.

Vyuo je? Kabla ya kulipa ada, ulizeni kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, wanafunzi wangapi hukalia kompyuta moja, na muombe kuona kazi za waliomaliza mwaka uliopita. Waliomaliza wasipokuwa na cha kuonyesha, kunjeni risiti yenu. Aidha, kijana atembelee Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kilichopo Mikocheni, akae na wanaochora. Asikilize jinsi wanavyokosoana.

Nyumbani

Kwa binti anayenyonyesha, kazi hii ina faida kubwa ya kufanyika ndani ya nyumba. Ina adha zake vilevile. Kazi ikishakamilika, kompyuta huachwa "ipike" picha kwa saa nyingi, pengine usiku kucha, na Luku ikiisha saa nane za usiku, kazi husimama. Mwambieni aamuru programu itoe picha moja moja badala ya video nzima, ili umeme ukirudi aendelee alipoishia. Mtoto atalia, mteja atapiga simu, na mume atauliza chakula. Mkubaliane mapema nani anambeba mtoto jioni, na jambo hilo lisiachiwe bibi peke yake.

Akina mama, kuhusu wateja tuwe macho. Binti asiende peke yake usiku kwa mtu anayesema ana studio. Wakutane mchana, mahali pa watu, aandamane na kaka yake au rafiki. Na mapatano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: kazi ni ya sekunde ngapi, itakamilika lini, nusu ya malipo kabla ya kuanza, marekebisho ni mara mbili tu, ya tatu hulipiwa. Bila sharti hilo la mwisho, kamati ya harusi itabadilisha rangi ya maua hadi siku ya harusi yenyewe. Video yenye alama ya fundi ndiyo itumwe kwanza. Iliyo safi itumwe baada ya fedha kufika.

Wateja hawasomi vyeti. Hutazama dakika moja ya kazi bora za fundi zilizounganishwa pamoja, na mara nyingi huamua katika sekunde kumi za mwanzo. Kwa hiyo asiyepata mteja bado ajitungie kazi: tangazo la mama wa vitumbua wa jirani, alifanye bure mara moja, aliweke mwanzoni. Mama wa vitumbua akiuza zaidi, atalipia la pili. Na fedha za mwanzo zikiingia, zigawanywe mezani mbele ya wote: za Luku na bando, za kurudisha kikoba, na zake mwenyewe kidogo.