Lindo la Mlango na Lindo la Neno

Kutoka Bujumbura kuelekea kusini, barabara hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika, ikapita Minago na Rumonge hadi Nyanza-Lac. Upande mmoja ni maji, upande wa pili ni milima. Usiku taa za wavuvi wa ndagala huenea ziwani, na hakuna mlinzi awezaye kutambua kwa macho tu ipi ni taa ya mvuvi na ipi siyo. Asubuhi mitumbwi hufika pwani, samaki huuzwa, na habari hutembea pamoja na samaki. Kiswahili kisemwacho sokoni Minago ndicho kieleweka­cho Uvira, Kalemie na Kigoma.

Kwa sababu hiyo, mtu apangaye ulinzi wa kambi, kituo cha polisi au ofisi katika mwambao huu hana budi kufikiria mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni ulinzi wa mahali, yaani ua, lango, ghala la silaha na funguo zake. La pili ni ulinzi wa habari, yaani karatasi, redio ya mawasiliano na midomo ya watu. Mara nyingi kazi hizi hukabidhiwa watu wawili wasiosemezana, na udhaifu huanzia hapo.

Historia ya ziwa hili yatoa ushahidi. Mwaka 1914 ukingo wa mashariki, pamoja na Urundi, ulikuwa chini ya Wajerumani, na ng'ambo ya magharibi ilikuwa ya Wabelgiji. Agosti mwaka huo meli ndogo ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune, na ziwa likawa mikononi mwa Wajerumani. Kisha wakaunganisha Kigoma meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kwa reli kutoka Dar es Salaam. Habari za meli hiyo hazikupelekwa London na jasusi aliyefunzwa. Zilipelekwa mwezi Aprili 1915 na mwindaji wa wanyama wakubwa, John Lee.

Waingereza walijibu kwa kutuma mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ya futi 40 hivi. Zilipakiwa melini Juni 1915 hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikavutwa na matrekta ya mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba, zikateremka mto Lualaba, na mwishoni mwa Oktoba zikafika Lukuga, mahali ulipo leo mji wa Kalemie. Watu wengi mno waliziona, maana wao ndio waliofyeka njia na kuvuta kamba. Hata hivyo Wajerumani hawakujua. Walikwisha kusikia kuwa Wabelgiji wana vipande vya meli kubwa, Baron Dhanis, na macho yao yote yakawa yanatafuta dalili za meli hiyo tu. Mlinzi aliyeambiwa atazame kitu kimoja huona kitu hicho hata kisipokuwapo, na mengine humpita.

Mwanzoni mwa Desemba 1915, ofisa wa Kijerumani aitwaye Rosenthal aliogelea usiku hadi karibu na pwani ya Lukuga ili achunguze. Akanaswa. Akiwa kifungoni aliruhusiwa kuandika barua kwenda kwa wakubwa wake, kuomba vitu vyake. Katika karatasi hiyo hiyo aliandika kwa mkojo, maandishi yasiyoonekana kwa macho, yale aliyoyagundua. Barua ikavuka ziwa. Kwa upande wa Wajerumani nako hapakuwa na mtu aliyeitazama mara ya pili, na ujumbe uliofichwa haukugunduliwa ila baada ya miezi kadhaa.

Kwa askari, kisa hiki kina uzito kuliko mapigano yaliyofuata. Walinzi wa Lukuga walifanya kazi yao barabara, walimkamata mtu. Ofisi ya Lukuga haikufanya yake, kwani iliruhusu karatasi ya mfungwa ipite. Kilichookoa siri si utaratibu bali ni uzembe wa adui, na hakuna kamanda awezaye kuutegemea uzembe huo kila siku. Tarehe 26 Desemba meli ya Kijerumani Kingani ilitekwa. Wajerumani, wasijue imepotea vipi, wakaituma Hedwig kwenda kuitafuta habari yake, nayo ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916.

Wajerumani nao walijifunza kitu. Götzen ilipoondolewa mzinga wake mkubwa, walisimamisha pale pale mzinga wa mti, na udhaifu wa meli ukabaki siri. Ndiyo meli iliyozamishwa na wenyewe Julai 1916, ikainuliwa baadaye na kuitwa Liemba.

Ama John Lee aliyeanzisha jambo lote, yeye aliondolewa katika msafara kwa shutuma kwamba ameropoka siri. Wapo wanaoshuku kuwa shutuma hizo zilitokana na ugomvi wa wakubwa. Tuhuma ya kutoa siri ni silaha nyepesi mno mikononi mwa mwenye chuki. Kinga ya askari mwaminifu ni daftari, lionyeshe nani alipewa karatasi ipi, siku gani, na aliirudisha lini.

Mfano wa pili ni wa karibu, na una uchungu. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia kusini mwa Burundi. Huko Rumonge na Nyanza-Lac waliyateka maghala ya silaha, na bunduki zilizowekwa kwa ajili ya kuwalinda wananchi zikatumika kuwaua, wengi wao Watutsi. Yakafuata mauaji makubwa zaidi, yaliyofanywa na dola yenyewe dhidi ya Wahutu. Waliokufa huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengine husema mamia ya maelfu. Mwaka 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitamka kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari. Watu waliitwa kwa majina, katika shule na maofisini, kutoka katika orodha.

Orodha ya wanafunzi au ya wafanyakazi haihesabiwi kuwa siri ya kijeshi, wala haifungiwi katika kabati la chuma. Lakini mwaka ule karatasi za namna hiyo ziliua kama risasi. Kanuni ya usalama inayolinda ramani ya kambi na kuacha wazi majina ya raia imelinda nusu tu. Hapana budi kila daftari la majina liwe na mtu anayewajibika kwalo, na anayetaka kulifungua aseme kwa maandishi analifungulia nini, hata akiwa na nyota mabegani.

Mengine ni ya kawaida, na hushindwa kwa sababu ni ya kawaida. Funguo za ghala zisishikwe na mtu mmoja. Neno la siri la usiku libadilishwe, na lisipigiwe kelele kutoka lango hadi lango. Karatasi za rasimu zichomwe mbele ya shahidi, zisifungiwe samaki sokoni. Muuza chakula akomee langoni, hata kama amezoeleka miaka mingi. Simu ya mkononi yenye kamera isiingie chumba cha mawasiliano. Naye ofisa apokeaye zamu asihesabu bunduki kwa kusoma kitabu cha mwenzake. Azihesabu zenyewe, moja moja, na namba zake, ndipo atie sahihi.