Bustani za Nairobi: Kubwa, Kongwe na Zilizoponea Chupuchupu

Kwa ukubwa hakuna ushindani. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ina kilomita za mraba 117, ilitengwa mwaka 1946 ikawa ya kwanza nchini Kenya, na iko kama kilomita 7 tu kutoka katikati ya jiji. Simba, chui, nyati na vifaru wamo. Ndovu wa porini hawamo. Pembe za ndovu, hata hivyo, ndizo zilizoipa rekodi ya dunia: Aprili 2016 ziliteketezwa humo tani 105, shehena kubwa kuliko yoyote iliyowahi kuchomwa kwingineko. Rais Moi alikuwa ametangulia mwaka 1989 kwa tani 12. Siku hizi treni hukatiza mbuga hiyo juu ya daraja, sifa ambayo mimi nisingeililia.

Ukongwe wagombaniwa kwa mwaka mmoja. Nairobi Arboretum ilianza mwaka 1907, nia ikiwa kujaribu miti inayokua upesi ili magarimoshi yapate kuni. Lakini Jeevanjee Gardens, ekari 5 hivi alizotoa mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, ni ya 1906. Taji la kelele pia nawapa Jeevanjee: saa ya chakula cha mchana mhubiri anapaza sauti huku, raia wa jukwaa liitwalo Bunge la Mwananchi wanabishana siasa kule, na katikati yao mtu amelala fofofo nyasini. Mwaka 1991 palitakiwa pajengwe maegesho ya magari. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akasimama kidete mpango ukafa.

Hapo ndipo penye shindano lenyewe: bustani ipi iliyonyemelewa zaidi?

Uhuru Park ina hoja nzito. Ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969, na miaka 20 baadaye chama tawala kikataka kusimika humo jumba la ghorofa 60. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akaandika barua baada ya barua, ndani na nje ya nchi. Wabunge wakamkejeli, na Rais Moi akamkumbusha kwamba mwanamke wa Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza. Wafadhili wakajitoa, jumba halikujengwa. Mwaka 1992 alirudi kwenye kona ya bustani hiyo pamoja na akina mama waliogoma kula wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi wakawapiga, naye akazirai. Katiba mpya ilitangazwa rasmi hapo Agosti 2010, na mwaka uliofuata taifa likamuagia Maathai papo hapo. Ukienda siku ya mapumziko utakuta watoto mashuani na wapiga picha wakigombania wateja.

Hata hivyo, taji nalipeleka Karura, kwa kuwa vipande vya msitu huo wa hekta zipatazo 1,000 vilikuwa vimekwisha gawiwa watu kisirisiri. Januari 1999 Maathai alikwenda langoni kupanda mti, akashambuliwa mpaka damu ikamtoka kichwani. Kwenye kituo cha polisi akatia sahihi malalamiko yake kwa damu hiyo. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani, na Agosti mwaka huo Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Kwa mwenye miguu mizuri, au baiskeli, Karura ndiyo ya kwanza jijini: njia za kutosha siku nzima, maporomoko ya maji, na mapango waliyojifichia wapiganaji wa Mau Mau. Mbega weusi kwa weupe wako juu ya miti. Tembea ukiangalia juu, ila waachie waendesha baiskeli nafasi.

Kwa wizi, City Park haina mpinzani. Wamezikwa hapo mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965, na rafiki yake Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani aliyetaka kulazwa karibu naye. Lakini wenyeji halisi, na wezi wenyewe, ni kima. Njugu wanachukua mkononi mwako kwa adabu. Ndizi iliyo mfukoni hawangoji wapewe.