Kwa nini daktari hakututajia kijidudu cha nimonia?

Baridi ya Wasso katika miezi ya Juni na Julai haihitaji maelezo kwa aliyewahi kuitoka nyumba yake kuiendea sala ya Alfajiri huku kwetu. Usiku mmoja wa msimu huo, baada ya Isha, kamati ya msikiti ilikuwa imekaa kujadili bati za paa alipoingia baba mmoja katika jamaa zetu kuomba dua. Mwanawe wa miezi 8 alikuwa na kikohozi siku ya tatu, na jioni hiyo ameanza kukataa ziwa.

Tuliomba dua. Tukampa na kichupa cha asali, kisha tukamshauri asubiri kupambazuke kwa kuwa gari la kukodi usiku ni ghali. Ushauri huo ulikuwa wa makosa, na waliokosea ni sisi. Hata asali yenyewe, tulikuja kuambiwa baadaye, haifai kupewa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1.

Alhamdulillah, mama wa mtoto hakuusikiliza ushauri wetu. Alimwita jirani yake ambaye ni muuguzi. Yule jirani alimfunua mtoto nguo, akashika simu yake akitazama saa, akahesabu pumzi 64 katika dakika moja. Alipotazama chini ya mbavu aliona nyama zikiingia ndani kila mtoto anapovuta hewa. Saa nne usiku mtoto alikuwa hospitalini, mpira wa oksijeni puani. Baada ya wiki moja alirudi nyumbani mzima.

Baba yake alitujia tena, safari hii na karatasi ya ruhusa mkononi. "Katibu," alisema, "humu wameandika nimonia basi. Mtoto amedungwa sindano siku zote hizo, na hakuna aliyeniambia ni mdudu gani aliyemwingia. Walikuwa wanabahatisha?"

Hatukuwa na jibu. Tumeuliza wenye elimu hiyo, tumesoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, nimonia si jina la kijidudu. Ni jina la hali ya pafu, pale vifuko vidogo vya hewa vinapojaa majimaji au usaha, hewa ikakosa njia ya kuingia katika damu. Kusema nyumba inaungua hakumtaji aliyeiwasha. Wawashaji wa moto huu ni wengi: virusi vya namna kadhaa, bakteria, kifua kikuu, na kwa mtoto mwenye VVU hata aina ya kuvu.

Kumtambua mwashaji ndiko kugumu. Pafu limefichwa ndani ya mbavu, na kupata majimaji kutoka penye ugonjwa wenyewe kungetaka sindano ipenye kifuani, jambo lifanywalo kwa nadra. Mtu mzima huambiwa ateme kohozi katika kikopo. Mtoto mchanga hulimeza. Damu yake ikioteshwa maabara, aghalabu haioti kitu hata kama bakteria wamo pafuni, hasa ikiwa amekwisha kupewa vidonge vya dukani kabla ya kufikishwa hospitali. Picha ya eksirei huonyesha kivuli, haimtaji mwenye kivuli. Na ukichukua ute wa puani utakuta vijidudu chungu nzima, lakini vijidudu hivyo hivyo vimo puani mwa mtoto anayecheza nje akiwa mzima wa afya.

Tatizo hili limewashughulisha hata wenye maabara kubwa. Jirani zetu wa Kilifi, pwani ya Kenya, walikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti ulioitwa PERCH, uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia kati ya mwaka 2011 na 2014. Walichunguzwa watoto zaidi ya 4,200 waliolazwa kwa nimonia kali, na pamoja nao wenzao zaidi ya 5,000 wa maeneo yale yale wasio na nimonia. Hao wa pili ndio ufunguo, maana bila wao usingejua kijidudu kipi ni mgonjwaji na kipi ni mpita njia tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa watoto wasio na VVU ambao picha ya kifua ilithibitisha ugonjwa, virusi vilikadiriwa kusababisha wagonjwa 61 katika kila 100, bakteria 27, na kifua kikuu karibu 6. Kirusi kimoja, RSV, kilichukua 31 peke yake. Zingatieni neno "kukadiriwa": baada ya vipimo vyote hivyo, majibu yalipatikana kwa hesabu za kundi zima, na si kwa kumnyooshea kidole kijidudu cha kila mtoto.

Basi ikiwa virusi ndivyo vingi, kwa nini sindano za kuua bakteria? Hapa ndipo baba yule alipotega sikio. Kitandani daktari hana njia ya hakika ya kuwatenga, na nimonia ya bakteria huweza kumwondoa mtoto kwa siku chache. Kwa hiyo hatibu jina; anatibu hatari. Hupima ukali wake kwa idadi ya pumzi, kuingia kwa mbavu, na kifaa cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Hupima malaria, kwa kuwa nayo huharakisha pumzi. Husikiliza kama kifua kinapiga filimbi, kwani huenda ikawa pumu. Huuliza kama mtoto alipaliwa na karanga, na kama kikohozi kimepita siku 14, afikirie kifua kikuu. Huko si kubahatisha.

Anayebahatisha ni yule anayemnywesha mtoto mabaki ya dawa ya kaka yake. Na kuna jambo ambalo tunalisema kwa uchungu: bado wapo wanaosikia kikohozi wakasema ni kimio, wakampeleka mtoto kukatwa. Kimio hakisababishi nimonia. Kukikata huleta damu nyingi, maambukizi, hata pepopunda, na siku za matibabu zikapotea. Watu wa tarafa yetu ya Loliondo tulishuhudia mwaka 2011 maelfu wakimiminika Samunge kwa kikombe kimoja cha maradhi yote. Tungetarajiwa kuwa wa kwanza kuuliza maswali.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji chuo. Mtoto awe ametulia, hanyonyi wala halii. Mfunue, tazama tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Kwa mtoto asiyetimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka 1 ni 50, na kuanzia mwaka 1 hadi 5 ni 40. Mbavu zikiingia ndani, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akalegea asiamke vyema, msihesabu tena. Ondokeni usiku huo huo.

Baadhi ya wawashaji wamekwisha kufungiwa mlango. Chanjo ya Hib imo katika chanjo za watoto Tanzania tangu mwaka 2009, na ile ya bakteria wa nyumokokasi tangu mwaka 2013; zote hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ipo na ya surua, ugonjwa ambao huburuta nimonia nyuma yake. Moshi nao ni mlango mwingine. Katika maboma na hata katika nyumba zetu za bati, baridi hii hutufanya tuzibe kila tundu na kulala na moto, mtoto akiwa karibu zaidi na jiko kuliko sisi.

Baba alikunja karatasi yake akauliza kama kamati ingemwambia vivyo hivyo mtu mwingine akija usiku na mtoto: asubiri asubuhi. Bati za paa zimesogezwa mwezi ujao. Nauli ya dharura imo katika kisanduku cha kijani karibu na kabati la misahafu, ufunguo uko kwa mwadhini, na namba za madereva wawili walioridhia kuamshwa zimebandikwa chini ya saa ya ukutani, ile yenye mshale wa sekunde.