Fulu: Samaki wa Ziwa Victoria waliosalia katika matangi ya vioo

KATIKA matangi ya vioo huko Marekani na Ulaya, wamo samaki wadogo wa mapambo ambao asili yao ni Ziwa Victoria. Baadhi yao hawaonekani tena ziwani, na iwapo mfugaji atazembea, huenda kizazi chao kikakoma kabisa.

Samaki hao, ambao Waluo huwaita fulu na Watanzania furu, walikuwa wa aina zipatazo 500. Mbuta aliingizwa ziwani humo katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupindukia. Fulu wakawa chakula chake. Wanasayansi wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Baadhi ya waliowahi kunaswa na kupelekwa ng'ambo walipona.

Kuwazalisha fulu si kazi ngumu, mradi tabia zao zifahamike. Dume hujitwalia sehemu yake chini ya tangi, akachimba kijishimo mchangani na kuanza kutetemesha mwili mbele ya majike. Jike akiridhika hutaga mayai machache, kisha hugeuka mara moja na kuyachukua kinywani. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana sana na mayai. Jike anapoyadonoa madoa hayo hupata mbegu za dume, na mayai yakarutubishwa humo humo kinywani.

Kutoka hapo jike huyaatamia kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, taya zikiwa zimevimba, na kwa kawaida hali chakula. Akishtuliwa anaweza kuyatema au kuyameza, hivyo anayetaka kumhamishia tangi lingine sharti afanye hivyo taratibu. Hata baada ya kuwaachilia vifaranga, huwarudisha kinywani hatari inapotokea.

Madume ni wagomvi. Mmoja hutawala na kung'ara, ilhali wanaoshindwa hufifia rangi hata wakadhaniwa kuwa majike. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu huweka majike kadhaa kwa kila dume, pamoja na mawe mengi ya kujifichia.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi si ugomvi bali ni mchanganyiko. Aina nyingi za fulu zinakaribiana mno, na majike wao wanafanana. Kinachowatenga ni rangi ya dume. Chukua mfano wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina hilo kwa heshima ya Rais wa kwanza wa Tanzania, Julius Nyerere. Dume wake ni mwekundu mgongoni, naye dume wa Pundamilia pundamilia, jamaa yake wa karibu, ana rangi ya samawati. Kila jike humtafuta dume wa rangi ya kwao.

Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka wa 1997 kwamba maji ya ziwa yanapochafuka, mwanga hupungua na uteuzi huo huvurugika. Katika majaribio ya tangini, majike waliowekwa chini ya mwanga wa rangi ya machungwa, ambao ulificha tofauti hiyo, hawakubagua tena. Watoto wa mchanganyiko huo huzaa vizuri tu, na hapo ndipo tatizo lilipo: tangi litajaa samaki wazuri, lakini aina mbili zitakuwa zimepotea.

Kwa hivyo, anayewafuga kwa nia ya kuwahifadhi huweka aina moja katika tangi moja, chini ya taa nyeupe, na huandika chimbuko la kila kundi. Aidha, hubadilishana samaki na wafugaji wengine ili kuepusha ndugu kuzaana kizazi baada ya kizazi.

Nchini Kenya, baadhi ya fulu wamepata hifadhi katika Ziwa Kanyaboli, Siaya, ambalo limetengwa na Ziwa Victoria kwa mafunjo ya kinamasi cha Yala, na ambamo mbuta hakufika. Humo yumo Xystichromis phytophagus, ambaye kutokana na wekundu, ukijani na umanjano wake, wauzaji wa samaki wa mapambo ng'ambo wamembandika jina la fulu wa Krismasi. Sehemu ya kinamasi hicho tayari imekaushwa kwa ajili ya kilimo.