Uzito, Ukakasi na Harufu: Lugha ya Kiswahili katika Kuonja Divai Nyekundu Nzito

1. Utangulizi

Malemba-Nkulu, katika jimbo la Haut-Lomami, iko kando ya mto Lualaba, katika bonde la Upemba. Nchi hiyo inajulikana kwa samaki na mawese, wala si nchi ya mizabibu. Vileo vinavyozoeleka huko ni vya mahindi na vya michikichi, pamoja na lutuku, pombe kali ya kukenekwa inayofahamika Katanga nzima. Divai hufika ikiwa ndani ya chupa, na maelezo yake huwa yameandikwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi anayezungumza Kiluba nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani akitakiwa kueleza ladha ya divai hiyo kwa Kiswahili, mara nyingi huishia kusema kuwa ni "kali" au ni "nzuri".

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo si wa lugha yenyewe. Maneno yapo, lililokosekana ni kuyapanga na kukubaliana juu ya mipaka ya kila moja.

2. Mvinyo na divai

Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji hiki. "Mvinyo" limetokana na Kireno, na kwa muda mrefu limetumika pia kwa vileo vikali kwa jumla. "Divai" limetokana na Kifaransa, na huhusu zaidi kinywaji cha zabibu. Katika makala haya linatumika neno "divai", kwa kuwa maana yake ni finyu zaidi. Aidha, msemaji wa Kongo hulitambua mara moja kutokana na Kifaransa chake.

Jambo la namna hii linaonekana pia katika neno "tembo". Pwani, tembo ni mnyama na pia ni kileo kigemwacho mnazini. Lubumbashi, Tembo ni jina la bia ya kiwandani. Neno moja limebeba vinywaji viwili visivyofanana, na msikilizaji huyatenganisha kwa muktadha tu.

3. Tatizo la neno "kali"

Pilipili ni kali, limau ni kali, tembo lililochacha ni kali, na dawa chungu nayo huitwa kali. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna hasara. Lakini katika kuonja divai nyekundu, neno hilo hufunika mambo manne yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni uchachu, yaani asidi. Huu hutoza mate pembeni mwa ulimi na, ukizidi, hutia meno ganzi. La pili ni uchungu, kama ule wa kwinini au majani ya mwarobaini. La tatu ni moto wa kileo, unaosikika kooni na kifuani baada ya kumeza. La nne ni ukakasi, yaani ile hali ya kinywa kukauka na kukwaruza, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi au pera lisiloiva.

Ukakasi hasa si ladha bali ni mguso. Husababishwa na tanini, kemikali zinazotoka katika maganda na kokwa za zabibu, na pengine katika mbao za mapipa. Tanini hushikana na protini za mate, na mate yakapoteza utelezi wake. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda, na ndiyo sababu huwa na rangi na ukakasi kuliko divai nyeupe. Hivyo basi, yafaa "tanini" libaki kuwa jina la kemikali, na "ukakasi" liwe jina la kile kinachosikika kinywani.

4. Uzito

Waonjaji wa Kifaransa husema kwamba divai ina "mwili". Tafsiri hiyo ya neno kwa neno haina maana kwa msikilizaji wa Kiswahili, kwani mwili ni wa kiumbe. Kiswahili tayari husema uji mzito, mchuzi mzito na chai nzito. Kwa hiyo divai ya namna hiyo ni divai nzito, na sifa yake ni uzito. Tofauti yake na divai nyepesi ni kama tofauti ya maziwa na maji mdomoni.

Uzito hutokana hasa na kileo, ambacho katika divai hizi mara nyingi hufikia asilimia 13.5 au zaidi, na pia na vitu vilivyoyeyuka kutoka katika maganda. Hauna budi kutofautishwa na utamu. Divai yaweza kuwa nzito sana na isiwe na sukari. Divai ya namna hiyo ni afadhali iitwe "isiyo tamu" kuliko "kavu", kwa sababu msikilizaji atadhani ukavu huo ni ule wa ukakasi.

5. Harufu

Mwaka 1984 Ann Noble na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha orodha ya istilahi za harufu za divai. Kanuni yao kuu ilikuwa kwamba harufu itajwe kwa kitu kinachojulikana, si kwa sifa tupu kama "ya fahari". Kanuni hiyo inamfaa sana Mswahili. Vitabu vya Ulaya hutaja matunda ya vichakani ambayo mwanafunzi wa Malemba-Nkulu hajayaona. Lakini vitu vingine vinavyotajwa anavifahamu vyema.

Divai ya Syrah, inayotoka katika bonde la Rhône na ambayo Australia huitwa Shiraz, mara nyingi hunukia pilipili manga. Huo si mfano wa kishairi. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kuwa harufu hiyo hutokana na rotandoni, kemikali ile ile iliyomo katika pilipili manga yenyewe. Cabernet Sauvignon ambayo zabibu zake hazikuiva vizuri hunukia pilipili hoho, na hapo pia kemikali ni za jamii moja. Mapipa ya mwaloni huipa divai vanila, moshi na karafuu. Yujenoli iliyo katika mbao hizo ndiyo inayotawala mafuta ya karafuu ya Zanzibar na Pemba. Naye mtu wa Upemba aliyezoea samaki wa kukaushwa kwa moshi hahitaji kufundishwa harufu ya moshi.

6. Utaratibu wa kuonja

Kwanza hutazamwa rangi, glasi ikiinamishwa juu ya karatasi nyeupe. Kisha divai huzungushwa na kunuswa kabla ya kunywewa. Baadaye hunywewa funda moja, likazungushwa kinywani, na kutajwa kwa mpangilio: utamu, uchachu, ukakasi, uzito, moto wa kileo, na muda ambao ladha hubaki. Muonjaji hutema; asiyetema huharibu hukumu yake mwenyewe. Ile dhana kwamba kila ladha ina sehemu yake peke yake ulimini si sahihi.

Ushauri wa kunywa divai nyekundu "katika joto la chumba" ulitoka katika nyumba baridi za Ulaya. Joto lifaalo ni nyuzi 16 hadi 18 hivi za Selsiasi. Bondeni Upemba chupa iliyowekwa mezani huzidi kiwango hicho, na moto wa kileo ukafunika mengine yote. Kuilaza kwa muda ndani ya maji ya mtungi wa udongo hupunguza dosari hiyo.

7. Faida ya istilahi

Dodoma, Tanzania, ambako wamisionari wa Kikatoliki walianzisha mizabibu katika miaka ya 1950, zabibu nyekundu ya Makutupora huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mkulima wa Dodoma na mnywaji wa Haut-Lomami wamo katika jumuiya moja na wana lugha moja. Mkulima anayeambiwa tu kuwa zabibu zake "hazifai" hawezi kujirekebisha wala kubisha. Anayeambiwa kuwa zina uchachu mwingi na ukakasi mbichi anajua kwamba alivuna mapema.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii huonya juu ya sifa, lakini pia hufundisha kwamba sifa isiyopambanua haimlindi mnywaji. Anayejua kutaja uzito atatambua siku uzito ulipopungua.

8. Hitimisho

Istilahi zilizopendekezwa, yaani uchachu, uchungu, moto wa kileo, ukakasi na uzito, zote ni za Kiswahili cha kila siku. Si lazima zifundishwe kwa kileo, jambo lenye uzito mahali ambapo waumini wengi hawanywi. Chai ya rangi iliyoachwa ichemke sana, pera bichi, limau na kwinini vyatosha kumwonyesha mwanafunzi tofauti zote isipokuwa ile ya moto wa kileo. Akishazitenganisha hizo, ataweza kuyapima kwa maneno hayo hayo mawese, kahawa na asali ya nyumbani kwake.