Kisu cha Kumpa Kijana Aendaye Jeshini

Vijana wengi tuliowasomesha chuoni kwetu Tabora wamekwenda jeshini. Siku ya kuagana, mzazi hutafuta kisu kikubwa cha kutisha, kwani hofu yake nayo ni kubwa. Twawanasihi wazazi wenzetu hivi:

Kwanza, kijana awaulize wakubwa wake kama kambi yaruhusu. Kisu kilichokatazwa si zawadi, ni mashaka. Silaha atapewa na serikali. Chenu ni cha kukata kamba, kufungua mzigo na kumenya muhogo.

Pili, tazameni chuma, si nakshi. Karne ya 19, misafara ya Ujiji na Bagamoyo ilipokutana hapa Unyanyembe, majembe ya wahunzi wa Usumbwa yalikuwa bidhaa, tena mahari. Thamani yake ilikuwa chuma na kazi. Basi bapa lisizidi shubiri. Chuma kipite ndani ya mpini hata mwisho. Mpini usiteleze kwa jasho. Ala ikishike barabara. Chuma kisichoshika kutu chafaa penye unyevu. Kile kingine aghalabu hunoleka upesi, ila chataka mafuta.

Tatu, mpeni na kinoo. Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha mchinjaji anoe kisu chake asimtese mnyama, na amekataza kupeana upanga uliochomolewa alani. Basi mkabidhini kisu kikiwa alani, pamoja na adabu hizo. Kisu hakiondoi hofu ya mzazi. Adabu na dua ndizo zitakazomlinda kijana, kwa idhini ya Mola.

Mwenyezi Mungu awarejeshe salama. Amin.