Msamiati wa Nyumba Tusizokaa

Mtoto wa Mutomo au Kibwezi anapomaliza shule ya msingi, aghalabu huwa amekwisha kukariri majina ya Kiingereza ya chumba cha kulia, stoo ya vyakula, dohani na zulia. Huyaendeleza yote bila kukosea herufi. Lakini mwambie alieleze boma lao kwa lugha hiyo hiyo, lenye jiko lililojengwa kando, ghala la mtama na thome, ule uwanja ambapo wazee wa Kikamba walizoea kuota moto wakiamua mambo, naye atababaika. Amefunzwa nyumba ya mtu mwingine.

Lawama si ya mtoto. Vitabu vingi vya Kiingereza vilirithi nyumba ya nchi ya baridi. Chukua gata, yaani mfereji unaopita ukingoni mwa paa. Uingereza kazi yake ni kuyaondoa maji ya mvua. Makueni kazi yake ni kuyaleta tangini, na mpangaji mwenye busara huliulizia gata kabla ya kuuliza idadi ya madirisha. Neno ni lile lile, ila kinachofaa kusemwa kulihusu ni kinyume kabisa.

Hali huwa nzito zaidi kijana anapokwenda kutafuta chumba mjini Kitui au Wote. Kiswahili kina kupanga na kupangisha, na kiambishi kimoja tu kinatosha kutuonyesha ni nani atoaye kodi na ni nani aipokeaye. Kitenzi "rent" cha Kiingereza hutumika pande zote mbili, nacho huhitaji vijineno vya kukifuata ili maana ibainike. (Wana pia "let", liandikwalo kwenye mabango ya "to let", nasi twajua jinsi watundu wanavyochomeka herufi moja katikati na kuigeuza nyumba nzima kuwa msala.) Kisha kuna bedsita. Kwetu ni chumba kimoja chenye choo chake na pembe ya kupikia. Kwa Mwingereza ni chumba cha kulala na kukaa ambacho wakazi wake aghalabu hushirikiana bafu na majirani. Simwoni Mkenya kuwa amekosea. Amelipa neno kazi mpya, kama lugha zote zifanyavyo.

Panapouma hasa ni kwenye mkataba. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, mikataba ya kupanga bado huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Humo mna "fair wear and tear", yaani uchakavu wa kawaida utokanao na kukaa tu ndani ya nyumba. Mpangaji hapaswi kutozwa kwa uchakavu huo. Asiyeifahamu ibara hii hukatwa amana yake kwa sababu ya rangi iliyopauka ukutani, naye huondoka akidhani ametendewa haki. Mna pia "quiet enjoyment". Mwanafunzi huitafsiri kuwa starehe ya kimya kimya, akadhani amekatazwa kupiga redio. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba hana ruhusa ya kumbughudhi mpangaji, wala kumwingilia chumbani apendavyo, maadamu kodi imelipwa na masharti yametimizwa.

Walimu wenzangu watasema kwamba mambo haya hayamo katika mtihani. Ni kweli. Lakini kipindi kimoja kwa muhula kinatosha: mwalimu alete mkataba halisi, afute majina ya wahusika, kisha darasa liugeuze kwa Kiswahili ibara baada ya ibara, na wanaojua Kikamba waulizwe mama zao wangeusemaje. Wakifika kwenye amana, kila mmoja aandike kwa Kiingereza sentensi tatu za kuidai.